Unga wa Kuboronga

Tarehe 4 Februari

Kwa mjukuu wangu, Bi Tanuri,

Anayekuandikia ni babu yako, mwenye miaka themanini na tatu na meno kumi na moja, niliyewazika wake wawili, pampu mbili, wenyeviti wanne wa kamati ya maji, na daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sitaumaliza mwaka. Hakuumaliza yeye. Mungu amrehemu.

Sisi hapa wazima. Shangazi yako goti linamsumbua ila mdomo hauna tatizo. Paa la jikoni linavuja palepale. Jirani kanunua jogoo asiyejua saa.

Sasa neno lenyewe. Huu ni mwaka wa thelathini na moja nikiwa mshika ufunguo wa chumba cha pampu, na hakuna mwingine aliyewahi kuutia mfukoni. Maji yetu yana mchanga, mchanga unakula shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya pampu. Kila baada ya miezi minne nafungua pampu nakuta shafti imeliwa kiunoni kama muwa uliotafunwa, nakereza nyingine, naigonga nukta zangu tatu kichwani ijulikane nani kaitengeneza, narudisha. Mji unakaa siku mbili bila maji, watu wananitukana, kisha yanatoka wananisahau. Ndiyo kazi.

Lakini mwenyekiti wa sasa ni yule mwalimu mstaafu tunayemwita Kalamu Nyekundu. Kaja na daftari. Anasema shafti ijayo isipomaliza miezi sita, nikabidhi ufunguo atafutwe mtaalamu. Mtaalamu! Mimi nilikuwa mtaalamu yeye bado anafutwa makamasi.

Shangazi yako kaniambia huko kiwandani kwenu mnapika stenlesi, hicho chuma kisichoshika kutu, kwenye unga ikatoka ngumu. Nikamwambia hilo si geni, mimi nilikuwa nikipika chuma kwenye kopo la mkaa na kwato zilizounguzwa kabla baba yako hajaota jino. Basi nakutumia shafti, urefu wake ni wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole, nimeikereza mwenyewe kwa stenlesi, nukta zangu tatu unaziona. Ipike.

Usinipigie simu. Kwenye simu unanikatiza. Na usishangae mwandiko, meza ina mguu mfupi.

Babu yako,
Mshika Ufunguo


Tarehe 27 Februari

Shikamoo babu,

Mimi mzima, kazi nyingi, chumba changu kipya kina dirisha linalotazama ukuta. Mpe pole shangazi. Mwambie jirani yule jogoo labda anafuata saa za kwetu huku.

Shafti imefika, imefungwa kwenye suruali yako ya zamani. Suruali nimeifua.

Babu, kwato zako zilikuwa zinatia mkaa kwenye chuma, na chuma cha kawaida kinaupokea. Stenlesi ni mkaidi, ina ngozi ya kukataa wageni, ndiyo maana haishiki kutu. Sisi tunatumia unga wenye kitu kinaitwa boroni. Tunaifukia kazi ndani ya unga kwenye sanduku la chuma, tunaziba, tunaliingiza kwenye tanuri la nyuzi mia tisa na hamsini, saa sita au zaidi. Boroni haikai juu kama rangi. Inapenya kwenye ngozi ya chuma kama chumvi kwenye nyama. Hata hivyo kwa stenlesi inapenya kwa shida, na ile ngozi ngumu inayotoka ni nyembamba kuliko unywele. Lakini tupa ikipita juu yake inateleza.

Nisikilize hapa, naomba. Ngozi hiyo ni ngumu kama kigae, na kama kigae inabanduka ukiipiga. Ikibanduka, pale pana kutu, maana stenlesi ikishapikwa hivi inapoteza kidogo ule ukaidi wake. Halafu unene unaongezeka kidogo sana, kwa hiyo lazima nijue tundu la bushi inamozunguka shafti lina upana gani. Lipime vizuri, unitumie.

Mjukuu wako


Tarehe 15 Machi

Bi Tanuri,

Marahaba. Sisi wazima. Paa bado. Jogoo jana kawika saa saba mchana, shangazi yako akadhani kapitiwa na usingizi akaamka kupika chai.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Nimecheka mpaka nikakohoa. Wewe umesomeshwa miaka yote ile, ada mbuzi na ada ng'ombe, ili ukapike vyuma kwenye unga wa kuboronga? Shangazi yako anasema ni boroni. Mimi naandika nilivyosikia. Mtu akiniambia tangu asubuhi kwamba kazi itafanywa na unga wa kuboronga, ikiharibika asiseme hakuonywa.

Nimelipima tundu la bushi kwa kipimo changu cha taya mbili, kile nilichokabidhiwa na fundi aliyenifundisha, naye alikabidhiwa na aliyemfundisha. Milimita ishirini na tano kamili. Usiongeze wala usipunguze. Kipimo hicho hakijawahi kusema uongo.

Hayo mengine ya kigae na kupiga, unamfundisha samaki kuogelea. Nimeshika nyundo miaka sitini na sita.

Babu yako


Tarehe 2 Mei

Bi Tanuri,

Wazima. Wiki sita sina barua. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kalamu Nyekundu amepita mara tatu, kila mara anauliza shafti iko wapi, nami namwambia jambo zuri halitaki haraka, naye anaandika kwenye daftari. Shafti iliyomo ndani imebaki kiuno cha nyigu.

Kama umeshindwa sema umeshindwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Babu


Tarehe 20 Mei

Shikamoo babu,

Samahani kwa kukawia. Tanuri lilikuwa na foleni, na msimamizi wetu hapendi kazi za nyumbani zichanganywe na za wateja. Mimi mzima. Nimepata kabati.

Shafti hiyo hapo, imetoka vizuri. Nimeikereza ikapungua unywele kabla ya kuipika, ili ikinenepa itoshe tundu lako la ishirini na tano kamili. Rangi yake ya kijivu usiisugue. Ipake mafuta, iingize kwa mkono taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto shati. Ikikataa, usishindane nayo, nirudishie. Babu, usiguse nyundo. Naandika tena: nyundo usiguse.

Nukta zako tatu zipo.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Juni

Bi Tanuri,

Marahaba. Shafti nimeipata, nukta nimeziona. Imeingia, pampu inazunguka tangu tarehe tano, sauti yake ni ya paka aliyeshiba.

Siku ya kuiingiza, kabla sijaifunika pampu, Kalamu Nyekundu alikuja na kamati, na tupa mpya mfukoni. Akasema, "Mzee, nasikia hiki chuma kimepikwa na mjukuu wako. Naweza kukionja?" Nikamwambia, "Onja mwalimu, ila usije ukadai tupa." Akasugua mara moja, mbili, kumi. Akaitazama shafti, haina hata mkwaruzo. Akaitazama tupa, imepata upara. Akasema, "Hii imenikosea adabu." Nikasema, "Imelelewa na mimi." Wote wakacheka isipokuwa yeye. Akaandika tarehe.

Kwa hiyo sasa tunahesabu miezi sita. Shangazi yako anasema nitembee taratibu, siku hizi natembea kama mwenye hati ya nyumba.

Babu yako,
Mshika Ufunguo na Mlezi wa Shafti


Tarehe 30 Juni

Shikamoo babu,

Nimefurahi sana, na tupa imeniliza kwa kicheko. Huku kwetu mvua imeanza, dirisha langu sasa linatazama ukuta uliolowa.

Umenieleza habari ya tupa, ya Kalamu Nyekundu na ya paka aliyeshiba. Hujanieleza shafti iliingiaje. Iliteleza yenyewe?

Na hiyo meza, si ulikuwa na kijiti cha kuweka chini ya mguu?

Mjukuu wako


Tarehe 25 Julai

Bi Tanuri,

Marahaba. Una maswali kama karani wa mahakama.

Sisi wazima. Shangazi yako kapaka dawa gotini, nyumba yote inanuka kitunguu. Paa nimepanda mwenyewe kulitazama, nikashuka, ndilo jambo muhimu. Jogoo kauzwa, aliyemnunua kaja kulalamika, jirani akamwambia kuku ni kuku hakuuzwa kama saa. Yule fundi baiskeli mwenye duka la kona kaoa tena. Mimi nilimwambia.

Shafti iliingia. Shafti ikiingia imeingia, huiulizi kama bibi harusi imeingiaje.

Kijiti nimeweka. Sasa mguu mwingine umekuwa mfupi.

Babu


Tarehe 19 Agosti

Shikamoo babu,

Sikuulizi tena. Shangazi alinipigia kuhusu dawa ya goti, na katika maneno akasema siku ile ya tarehe tano, kabla kamati haijafika, alikuletea chai chumba cha pampu, akasikia kishindo mara tatu, akaona heri arudi na chai yake. Mimi sikumuuliza kishindo cha nini. Nimekuandikia tu ujue kwamba mara ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa maelezo yake.

Kama mtu angekuwa ameigonga, na sisemi ameigonga, angetakiwa kupachungulia pale mara kwa mara. Kutu ya pale huanza rangi ya chai.

Mjukuu wako


Tarehe 8 Desemba

Mjukuu wangu,

Nimekaa bila kukuandikia miezi minne na zaidi, na mtu wa umri wangu akikaa kimya hivyo wengine huanza kushona sanda. Mimi mzima. Shangazi yako mzima, paa lilipigwa bati jipya mwezi wa tisa.

Juzi miezi sita ilitimia. Kamati ilikuja nzima, na watu na ndoo zao kutazama. Nikafungua pampu. Shafti ilionekana kiunoni inang'aa, hata mahali mchanga unapouma hapana alama. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja muuza mboga akasema nichaguliwe mwenyekiti. Nikasimama nikiwa nimeshika ufunguo wangu hivi, nikasubiri Kalamu Nyekundu aseme.

Akasema hivi: "Ndugu zangu, tumshukuru mzee. Kwa kuwa shafti hii haiharibiki, hatuna haja tena ya mtu wa kuibadilisha kila baada ya miezi minne. Na kama hakuna wa kubadilisha, hakuna haja ya mshika ufunguo. Ufunguo utundikwe ofisini kwa kamati." Msumari kumbe walishaupigilia ukutani. Niliuona nilipokwenda kutia sahihi ya mahudhurio.

Mjukuu wangu, nimejifungia nje kwa kufuli nililolinunua mwenyewe. Shafti ingeliwa, ningenyang'anywa ufunguo. Haikuliwa, nanyang'anywa ufunguo.

Ndipo nikasema neno ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Nikasema, "Subirini. Nilikosea." Ndoo moja ikaanguka. Nikawaambia kwamba chini kabisa, ndani ya bushi, mahali ambapo hawakupafungua, shafti ilibana, nikaipiga nyundo, ngozi ikabanduka, pana kutu. Mwezi wa nane ilikuwa punje ya mtama. Mwezi wa kumi ikawa punje ya mahindi. Sasa ni kunde iliyolowekwa. Naiona kwa tochi kupitia tundu la kutilia grisi. Ikiachwa bila mtu wa kuitazama, siku moja shafti itakatika, na mji hautakosa maji siku mbili, utakosa mwezi.

Unajua walifanya nini? Walicheka. Muuza mboga akasema, "Babu, wewe na kukosea mmejuana lini?" Kalamu Nyekundu alichungulia kwenye tundu akasema anaona giza. Hayo macho yameharibiwa na madaftari. Kisha akafungua daftari lake akasema katika miaka thelathini na moja hakuna kosa hata moja lililoandikwa juu yangu, kila shafti iliyokatika ilikuwa kosa la mchanga, la umeme au la mtu mwingine, kwa maneno yangu mwenyewe, na kwamba leo nimezua kosa ili nibaki na ufunguo. Amenipa mpaka mwisho wa Januari nilete ushahidi wa mtaalamu.

Kwa hiyo naomba uniandikie kwamba nilikosea.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, nimalize. Meza haina kasoro. Ni mkono. Unatetemeka mwaka wa nne sasa. Pigo la kwanza lilitua sawa, la pili likaenda lilikotaka.

Halafu hiyo shafti si yangu. Nilijua siku nilipofungua karatasi. Nukta zangu zinainama kushoto kama watu wanaopanda kilima. Zako zimesimama kama wanafunzi mstarini. Sikusema, kwa sababu ningesema ungeniuliza zangu zinainama kwa nini.

Babu yako


Tarehe 28 Desemba

Shikamoo babu yangu,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, sikuweza kungoja kufika chumbani.

Shafti yako niliiharibu mimi. Niliilaza sandukuni badala ya kuisimamisha, kwa sababu ndivyo ilivyoingia kwa urahisi, na kwa joto lile ikapinda kama ndizi. Msimamizi aliniuliza hiki ni nini nikamwambia ni cha babu, akasema babu yako ana bahati hakuwa mteja. Wiki zile sita za kimya nilikuwa natafuta stenlesi nyingine na kuikereza baada ya kazi. Nukta nilizipiga kwa rula. Nilijiona hodari sana.

Na hata hiyo ya pili ilibana kwa sababu taya za kile kipimo cha mafundi watatu zimelika. Shangazi alipima tundu kwa kipimo cha fundi baiskeli, halifiki ishirini na tano. Nilipaswa kukuomba upime mara mbili kwa vipimo viwili. Sikuomba kwa sababu nilijua ungekasirika.

Kwa hiyo unga wako wa kuboronga haukuboronga chochote, babu. Tumeboronga sisi.

Ushahidi uko nyuma ya karatasi hii, una muhuri wa kiwanda.

Mjukuu wako

KWA KAMATI YA MAJI. Mimi, fundi wa tanuri, nathibitisha kwamba mzee mshika ufunguo aliipiga shafti kwa nyundo mara tatu, kinyume cha maelekezo niliyompa kwa maandishi mara mbili. Ngozi iliyobanduka haioti tena. Kutu iliyoanza itaendelea. Shafti hii inaweza kufanya kazi muda mrefu endapo tu pale palipobanduka patatazamwa kila wiki na mtu anayejua hasa ilipopigwa. Mtu huyo ninayemfahamu ni mmoja.


Tarehe 30 Januari

Bi Tanuri,

Marahaba sana. Sisi wazima, na shangazi yako anatembea mpaka sokoni bila fimbo, kwa hiyo sasa mdomo na goti vyote vinafanya kazi.

Ushahidi wako ulisomwa jana mbele ya kamati. Kalamu Nyekundu aliusoma mwenyewe kwa sauti ya darasani, akafika kwenye "mara tatu" akasimama, akatoa ile kalamu akapigia mstari. Akafika "kwa maandishi mara mbili" akapigia miwili. Muuza mboga akasema, "Kumbe ni kweli. Pole babu." Nikamwambia asinipe pole, mimi ndiye mtu pekee katika kamati hii mwenye kosa lililothibitishwa na mtaalamu na kugongwa muhuri. Wengine makosa yao ni ya kubahatisha tu.

Wamekubaliana hivi. Ufunguo nabaki nao. Kila Ijumaa nichungulie pale, niandike kunde imefikia wapi, na mwalimu asahihishe tahajia. Lakini nyundo yangu, ile ya miaka sitini na sita, imeshikwa na kamati. Wameitundika ofisini, kwenye ule msumari waliokuwa wameuandalia ufunguo. Nikipita dirishani naiona. Imetulia, haitetemeki.

Sasa nipikie shafti nyingine ya akiba, maana kunde haitabaki kunde. Isimamishe sandukuni. Tundu nimelipima kwa kipimo cha fundi baiskeli, na shangazi yako akalipima tena akijifanya anafagia. Tumepata ishirini na nne na sehemu tisa kati ya kumi, wote wawili. Nukta usiziinamishe kwa kuniigiza. Zipige zisimame, ni zako. Ile yangu iliyopinda usiitupe, niletee ukija. Nitafungia mlango wa jikoni.

Kwamba haya yote ni kweli, muulize shangazi yako aliyesikia vishindo vitatu na kurudi na chai. Muulize Kalamu Nyekundu, anayo kwa wino. Na ukiwaona wote wawili wanaongeza chumvi, iulize nyundo, iko msumarini, haina pa kwenda.

Babu yako,
Mshika Ufunguo